Barghash Hakuinywa Hiyo Soda

Juzi natoka Forodhani, napita Gizenga, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, jua la saa nane limenikaa utosini, nikajitia duka moja la vitu vya kale. Kununua sina nia, nataka kivuli tu. Mle ndani namkuta mtalii na mkewe, na mwenye duka kashika chupa ya kijani, anawahadithia kwa utulivu kama msoma maulidi. Chupa ya Sayyid Barghash hiyo, Sultani wa Unguja wa zamani. Imetoka Beit al-Ajaib, kasri lake. Alikuwa akinywea soda yake ya tangawizi kila jioni.

Kila jioni! Mpaka wakati wa kunywa anaujua.

Nikaomba niishike. Ubavuni imeandikwa kwa herufi za kunyanyuka: GINGER ALE, na chini yake BELFAST, mji wa Ireland. Mpaka hapo sina ugomvi. Nikautazama mdomo. Ukingo wake ni wa kushika kizibo cha bati, kile cha meno meno, sawasawa na cha soda unayoinunua leo hapo Darajani. Kizibo hicho alikibuni William Painter wa Baltimore, Marekani, akapewa hataza, yaani haki ya ubunifu wake, mwaka 1892. Sayyid Barghash kafa 1888. Basi ama marehemu alifufuka, akaburudika, akarudi zake, ama kuna mtu anasema uongo.

Nikageuza nitazame mshono, ule mstari ambao kalibu huuacha kwenye kioo. Umeanza kitakoni, ukapanda bega, ukapanda shingo, ukapita juu kabisa ya mdomo. Chupa iliyopulizwa na fundi ndani ya kalibu mshono wake hufia shingoni, maana mdomo ulikuja kutiwa baadaye kwa mkono, na ule mkono ndio ulioufuta. Mshono ukishafika mpaka juu ya mdomo, hiyo ni kazi ya mashine. Na mashine ya kutengeneza chupa peke yake, bila ya pumzi ya mtu, ni ya Michael Owens, naye kaikamilisha mwaka 1903. Hata hapo viwanda havikuhama siku moja, kupuliza kwa mdomo kuliendelea miaka mingi pembeni. Maana yake yumkini Barghash alikuwa na miaka kumi na tano kaburini, au zaidi, wakati chupa "yake" bado ni mchanga.

Nikamwambia mwenye duka, taratibu, kwa Kiswahili ili nisimharibie mbele ya wageni. Akaniangalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Kwani wewe ulikuwepo?" Sikuwepo. Lakini chupa ilikuwepo, na inasema.

Najua mtaniambia, muache mwenzio atafute riziki, msimu ukiisha atakula nini? Haya, nakubali, kwa shingo upande. Kodi ya mlango Mji Mkongwe si mchezo, na mtalii mwenyewe anapenda kudanganywa. Ukimwambia "hii ni chupa ya soda" atakupa elfu tano na atalalamika. Ukimwambia ya Sultani, anafungua mkoba. Sawa.

Linalonikera mimi haliko kwenye bei. Kwa nini kila kitu kikongwe Unguja lazima kiwe cha Sultani? Mlango wa Sultani, kitanda cha Sultani, sinia ya Sultani, na sasa hata taka za Sultani! Mji huu ulikuwa hauna watu wengine? Makuli wa forodhani, makarani wa Kigoa, wenye maduka wa Kihindi, Wangazija, Washihiri, mabaharia walioshuka na mifuko ya mshahara wakapanda bila senti, wote wameyeyuka? Bandari hii ilikuwa na balozi mdogo wa Marekani tangu 1837. Waya wa simu za maandishi, telegrafu, wa chini ya bahari umefika 1879, na ukaja na vijana wa kuupigia, wamekaa chumbani wanatoka jasho na koti la sufi. Mimi nikiishika chupa ya Belfast ndio hao ninaowaona. Soda ya tangawizi ilikuwa kinywaji cha watu wa namna hiyo: mtu wa meli, mtu wa ofisi, mtu aliyeapa kuacha pombe, mtu mwenye kichefuchefu cha bahari. Kampuni kama Ross ya Belfast, na Cantrell & Cochrane ya Dublin na Belfast, zilipeleka chupa zao bandari za dunia nzima, na ndio maana wakusanyaji wanaziokota kila penye pwani. Sultani hahitajiki hapa. Huyo Barghash mwenyewe, Mungu amrehemu, kama mnataka kumkumbuka kwa kinywaji, mkumbukeni kwa maji: ndiye aliyeyaleta mjini kwa mfereji kutoka Chemchem. Hilo la kweli, na hakuna anayeliuza dukani.

Nimetaja Belfast nikamkumbuka bibi yangu wa Wete, Pemba. Alikuwa na chupa ya huko, yenye kitako cha duara, kama yai lililovutwa, haisimami hata uibembeleze. Akiisimamisha ndani ya ngata. Kitako kile si kosa la fundi. Zama za kizibo cha gome, chupa ikisimama kizibo hukauka, kikikauka husinyaa, na gesi yote inakwenda zake. Kwa hiyo wakaifanya isiweze kusimama, ilale kwa nguvu, kizibo kibaki kimelowa. Bibi hayo hayakumshughulisha, yeye akitia mafuta ya nazi.

Siku moja mjomba, na Kiingereza chake cha darasa la sita, akasoma maandishi akaruka. "Ale" ni pombe! Chupa ya haramu ndani ya nyumba! Ikatolewa uani, ikakaa karibu na banda la kuku wiki mbili, nyumba imegawanyika. Wala haina pombe, ni maji, gesi, sukari na tangawizi, jina tu ndilo lililomponza. Bibi akachoka, akaifuata mwenyewe. "Miaka arubaini naitia mafuta ya nazi, leo ndo imelewa?" Akairudisha kwenye ngata yake.

Na hapo kuna jambo ambalo hata wakusanyaji wenye kujua mishono na midomo hulisahau. Mwaka wa kutengenezwa chupa si mwaka wa kutupwa. Kwetu chupa ilikuwa mali. Imekuja na soda, ikabaki na mafuta ya taa, siki, asali, maji ya waridi, dawa ya mganga. Ukiikuta shimoni na vigae vya sahani za juzi, usidhani vigae vimekosea.

Chupa za gololi ndio balaa jengine. Mnazijua, zile zenye shingo iliyobanwa na gololi ya kioo ndani, gesi inaisukuma gololi juu inajifunga yenyewe. Hiram Codd, Muingereza, kaipatia hataza mwanzoni mwa miaka ya 1870. Za zamani kweli ni adimu kwa sababu watoto wa dunia nzima walizivunja wapate gololi, na mimi ningezivunja vile vile. Sasa nazikuta dukani zimepangwa kumi kumi, zote rangi moja, hazina hata mkwaruzo kitakoni. Jamani, Wahindi mpaka leo wanauza soda ndani ya chupa hizo, wanaiita goli soda! Chupa iliyokaa miaka mia ikisuguliwa na kreti, mawe na mchanga haiwezi kuwa na kitako laini kama shavu la mtoto.

Rangi nayo isikubabaishe. Ukijani ni chuma kilichomo kwenye mchanga tu. Zambarau ni manganizi iliyopigwa na jua, na wapo wajanja wanaozipiga miale kusudi zigeuke. Mapovu ndani ya kioo hayathibitishi kitu. Soma maandishi: palipo NORTHERN IRELAND, chupa haiwezi kuwa kabla ya 1921, maana nchi ya jina hilo haikuwepo.

Na nyinyi mnaochimba misingi ya nyumba Mji Mkongwe, nawaombeni kwa heshima. Vijana wakitoa chupa, mtu anakuja na gunia, anazichukua kwa kilo, ardhi inamwagwa. Andikeni basi hata kwa mkaa juu ya karatasi ya saruji: imetoka nyumba gani, kina gani, ilikuwa pamoja na nini. Chupa safi isiyojulikana ilikotoka ndiyo hiyo inayoishia kuwa ya Sultani, kwa sababu haina wa kuisemea.

Jana nimepita tena pale Gizenga. Ile chupa bado ipo, lakini kumbe maneno yangu yamemuingia mwenye duka: Barghash kamuacha. Sasa ni ya Bibi Salme, dada yake Barghash. Bibi Salme kaondoka Unguja 1866. Nilipofungua mdomo, jamaa kaniona, akanyoosha mkono bila ya kusema kitu, akaigeuza chupa, maandishi yakatazama ukuta.