Chama kilichopitisha sheria kimekufa: tumdai nani?

Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu ya Kenya walifuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014. Kimoja kilimtishia kifungo cha hadi miaka mitatu anayechapisha picha za kuogofya, na chombo cha habari faini ya hadi shilingi milioni tano. Kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima, wakati kambi ya Dadaab peke yake ilikuwa na zaidi ya laki tatu.

Watetezi wa sheria hiyo hawakuwa wakiota. Huko Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, magaidi waliwaua abiria 28 wa basi Novemba 2014, na wiki mbili hazikuisha kabla wachimba mawe 36 kuuawa. Serikali isiyofanya lolote baada ya hayo ingelaaniwa, tena kwa haki. Wanaongeza kuwa mahakama ilitengeneza palipoharibika, na wapiga kura walipata nafasi yao mwaka 2017.

Chuo Kikuu cha Garissa kilipovamiwa na magaidi Aprili 2015 na watu 148 kufa, baadhi wakasema majaji wameifunga serikali mikono. Hilo la mikono halinishawishi. Kifungu cha picha wala kikomo cha wakimbizi havingekifikisha kikosi maalumu mapema. Wanafunzi walivamiwa alfajiri, kikosi kikafika alasiri.

Ninachokwama nacho ni hiyo hoja ya kura. Sheria ililetwa na muungano wa Jubilee, yaani vyama vya TNA, URP na washirika wao. Mwaka 2016 TNA na URP vilivunjwa, kikazaliwa Chama cha Jubilee. Kufikia 2022 Jubilee yenyewe ilikuwa imegawanyika, na William Ruto, aliyekuwa kiongozi wa URP, akaingia Ikulu kwa tiketi ya chama kingine, UDA. Mwananchi aliyekasirishwa na sheria ile angemnyima kura nani? Kibao cha duka kimebadilishwa mara mbili, na wenye duka wengi ni wale wale. Mahakama hufuta kifungu, lakini haimtozi chochote aliyekiandika, na chama kisichodumu hakina aibu ya kubeba.

Ungefikiri basi tumdai mbunge mmoja mmoja. Kifungu cha 104 cha Katiba kinaruhusu kumrudisha nyumbani kabla ya muhula kwisha, na hajarudishwa hata mmoja. Na siku sheria ile ilipopitishwa bungeni, karatasi zilichanwa, watu wakashikana mashati, hoja zikapita kwa vifijo na kelele. Nani alisema "Ndiyo"? Kwa sheria inayogusa uhuru wa mtu, kura ya majina ingekuwa ya lazima, iandikwe mbunge na chama chake, ili chama kikivunjwa jina libaki. Wapo watakaosema hilo litawatia wabunge woga wakati wa hatari. Labda. Lakini kumwogopa mpiga kura ndiyo kazi tunayowalipia mshahara.

Aliyekalia kiti cha Spika siku ile, Justin Muturi, alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu, kisha waziri. Januari 2025 alijitokeza kuilaumu hadharani serikali aliyokuwamo kuhusu vijana wanaotekwa, akieleza kuwa mwanawe mwenyewe alitekwa mwaka uliotangulia. Machi akafutwa kazi.