Si kila kazi hudai kisima kizimwe
Makala niliyoisoma inadai kwamba kisima cha gesi cha Mnazi Bay, Mtwara, lazima kizimwe, yaani kijazwe kimiminika kizito kinachozuia gesi kupanda, kabla ya kushusha kifaa chochote, jambo ambalo si sahihi. Kifaa kinachoshushwa kwa waya huingizwa katika bomba refu lililosimamishwa juu ya vali za kisima, bomba hupimwa kwa mgandamizo, kisha vali hufunguliwa taratibu, huku grisi inayosukumwa kuzunguka waya wa kusokotwa ikizuia gesi kutoka, na vizuizi vya dharura vilivyo chini ya bomba hilo vikiwa tayari kuubana waya huo. Kimiminika kizito, tena, huweza kupenya kwenye mwamba na kupunguza uzalishaji. Ninachokihofia zaidi ni fundi mwenye haraka anayefungua bomba kabla ya kuutoa mgandamizo uliobaki humo. Wenzangu wa Msimbati, vijana wetu wanafundishwa kazi hii, au wanaishia ulinzi wa getini?