Mlichoma gunia gani?

Kwenye ofisi ya maji ninakolipia bili wametundika bango jipya. Mama anacheka mbele ya bomba linalomwaga maji kama mto, na chini yake maandishi ya bluu: utafiti umeonyesha wateja wetu wengi wameridhika. Ofisi siitaji, bado nawadai fundi. Ila huo utafiti naujua, nilikuwepo ukifanyika.

Ulifanyika humo humo ukumbini. Binti mwenye kishikwambi alikuwa akiwafuata watu waliokwisha kulipa, wamekaa chini ya feni wanakunja risiti zao. Anauliza kwa upole, wanajibu kwa upole. Hatua kumi kutoka hapo kulikuwa na foleni ya dirisha la malalamiko: mzee mmoja anapunga bili kama bendera, nami nyuma yake nina picha za mita yangu inayozungushwa na upepo. Foleni ile hakuigusa. Simlaumu sana, hata mimi ningetukwepa.

Marehemu baba alikuwa mnunuzi wa mahindi. Msimu ukifika anadandia lori hadi soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma, na silaha yake ni bambo moja lililong'aa kwa kushikwa, kile chuma cha kuchoma gunia na kuchota punje. Muuzaji anamvutia magunia ya mbele: "Mzee wangu, haya hapa, choma popote." Baba anashukuru, halafu anaomba ashushiwe lile la katikati ya lundo, na lile pale la chini kabisa. Anachoma ubavuni, anachoma kitakoni. Punje anazimimina kiganjani, anapuliza vumbi, anang'ata moja asikie ukavu wake. Lundo la magunia mia mbili yeye atachoma kumi, kumi na tano, basi. Sharti lake lilikuwa moja tu: muuzaji asimchagulie.

Miaka baadaye mhadhiri alituandikia sampuli nasibu, yaani kuchota wachache kwa bahati nasibu wawakilishe wote, ubao mzima kwa herufi za Kigiriki, watu wanatoka jasho, mimi nacheka peke yangu. Kumbe ni bambo!

Basi nikayaandika haya kwenye kundi la mtaa. Jirani yangu, mtu na heshima zake, akajibu: "Lakini kaka, wamehoji watu wengi sana." Hapo ndipo niliposhindwa kulala.

Wengi! Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza nani atashinda urais. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Hebu rudia kusoma hiyo namba. Wakatangaza Alf Landon anamshinda Franklin Roosevelt kwa kupata asilimia 57 ya kura. Siku ya kura Landon akaambulia majimbo mawili, Maine na Vermont, na Roosevelt akazoa mengine yote 46. Jarida halikumaliza miaka miwili, likafa.

Walikosea wapi? Majina waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi, wakati asiye na kazi hana simu wala gari. Hayo ni magunia ya mbele. Halafu katika hao hao, karibu wanne kati ya watano hawakurudisha kadi. Aliyejisumbua kurudisha ni mwenye lake moyoni, naye si sawa na aliyeitupa. Mwaka huo huo mpima maoni George Gallup, kwa watu kama 50,000 tu waliochaguliwa kwa uangalifu, alimtaja mshindi sahihi. (Naye mwaka 1948 aliumbuka, alitabiri Truman atashindwa urais na Truman akashinda, kwa hiyo asije mtu kunitumia hilo kama siri.)

Ukichagua kwa bahati nasibu ya haki, watu elfu moja na kidogo wanatosha kukupa jibu lenye kosa la asilimia 3 hivi huku au kule. Iwe ni wilaya moja, iwe ni Watanzania wote 61,741,120 wa sensa ya 2022. Watu hawakubali hili, lakini mpishi wa harusi haonji mchuzi kwa ndoo. Anakoroga, anachota kijiko. Ukichota juu bila kukoroga, hata ukinywa bakuli zima umeonja mafuta.

Haya, nikubali: kuzunguka mitaani ni gharama, na kuuliza ukumbini ni afadhali kuliko kutomwuliza mtu. Lakini hawa jamaa wana orodha ya kila mita mjini! Bili haijawahi kupotea njia kuja kwangu. Chota namba mia chache kwa bahati nasibu, piga simu. Ingawa hata hapo mama muuza maandazi wa jirani, anayebeba madumu kutoka kisimani kwa sababu hajaunganishiwa, atabaki nje ya hesabu.

Bango lina na mstari wa pili: malalamiko yamepungua mwezi huu, mfumo mpya unafanya kazi. Mwezi mmoja! Huenda ni bahati tu, na bahati ina namna ya kupimwa. Miaka ya 1920 kule Rothamsted, Uingereza, mwanasayansi Muriel Bristol alisema akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni. Mwanatakwimu Ronald Fisher hakubishana naye. Alianza na nadharia tete, yaani dhana ya kujaribiwa, kwamba mama anabahatisha, kisha akapanga vikombe 8, vinne maziwa kwanza. Kuvipatia vyote kwa kubahatisha ni mara 1 katika 70. Ukipatia hapo, kubahatisha kumekuwa kisingizio kigumu kuamini. Je, ofisi yetu imejiuliza malalamiko hupanda na kushuka kiasi gani yenyewe tu, bila mfumo wowote? Au ni kwa sababu dirisha la malalamiko lilifungwa wiki mbili kwa ukarabati?

Siku ile kabla ya kuondoka nilimfuata yule binti. Nikamwuliza kama watapanda na huko kwetu mlimani kuhoji. Akacheka, akaweka kishikwambi begani kama mtoto.

"Huko kwenu kaka, hata maji hayafiki."