Kabla ya Kupiga Picha Mlango, Inua Macho Uone Boriti

Pita Hurumzi au Gizenga, mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, jioni, utakuta watu wamejazana mbele ya mlango wa kuchonga, simu mkononi. Mlango ni mzuri, sikatai. Lakini katika nyumba ya duka ya huko, yaani duka mbele na makazi nyuma na juu, mlango ndicho kitu chepesi kuhama kuliko vyote. Hung'olewa na miimo yake, ukauzwa, ukapachikwa nyumba nyingine. Mwingine umechongwa juzi. Anayetaka kuijua nyumba yenyewe aombe ruhusa, aingie ndani, atazame darini.

Huko kuna boriti za mikoko zilizolala sambamba, ukuta hadi ukuta. Boriti ya kuaminika huvuka kiasi cha mita 2.5 hadi 3, basi. Ndiyo maana vyumba vya Unguja mjini ni vyembamba na virefu: upana uliamuliwa na mti, fundi akaufuata. Ukiingia duka lenye upana wa mita 5 bila nguzo wala mhimili katikati, jua kuna ukuta ulioondolewa, na chuma au zege limeingizwa mahali pake. Uliza nani alifanya kazi hiyo na uzito wa juu umehamia wapi.

Uzito wenyewe si wa mchezo. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, vikapigiliwa kwa vipande vya mbao siku nyingi mpaka vishikane. Kuta zinazobeba yote hayo zina unene wa sentimita 50 hadi 60, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Hazina nondo hata moja. Zinasimama kwa unene wake na kwa kuegemeana na kuta za jirani, kwa hiyo anayebomoa kwake anagusa na nyumba ya pili.

Nyumba ya namna hii ina ukoo wake. Seyyid Said, Sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, kwenye miaka ya 1830 hadi 1840, wafanyabiashara wa Kachchh na Gujarat waliongezeka mjini, na walijenga walivyozoea kwao: uso mwembamba njiani, kina kirefu kwenda nyuma, biashara mbele, familia nyuma na juu. Nyumba ya Kiarabu hulinda sitara. Huipa njia ukuta mtupu na kuficha ua katikati. Nyumba ya duka hufungua uso wake wote. Chini kwa mbele hakuna ukuta wa mawe, kuna miimo ya mbao, kizingiti kinene juu, na mlango wa vipande vingi vyembamba vinavyokunjwa pembeni. Sakafu iliinuliwa karibu na kimo cha kiti. Mwenye duka alikaa chini kwenye mkeka, mizani mbele yake, magunia na vitambaa mkono unapofika, na mteja akanunua akiwa amesimama njiani.

Nyingi zilianza chini tu, ghorofa zikaja baadaye fedha zilipopatikana. Unaweza kuisoma awamu ya pili ya ujenzi kwa macho: ukuta wa juu ni mwembamba zaidi, madirisha hayakulingana na milango ya chini, mstari wa lipu umekatika. Roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi na mapaa ya mabati ni mambo ya mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea. Mapaa ya zamani yalikuwa bapa, na mvua za hapa hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Bati lilikuwa dawa ya kweli.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na kugawiwa, chumba kwa familia. Mabomba na majiko yakafungwa popote. Mamlaka ya uhifadhi ilianzishwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauandikisha mji kuwa urithi wa dunia. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la zamani, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kila mtu alishtuka. Nyumba za duka huanguka pia, ila hazipati habari.

Kinachoziua leo, kwa maoni yangu, ni saruji kwanza, na maji ya juu pili.

Chukua ukuta wa duka uliopigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Kimo cha kiuno, rangi imevimba kama lengelenge. Ibonyeze kwa kidole gumba: inapasuka, na nyuma yake unatoka unga mweupe, mkavu, wenye ladha ya chumvi. Matumbawe yametoka baharini na yana chumvi yake, na unyevu hupanda kutoka ardhini. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke kwa hewa. Chumvi hukaa kwenye lipu, nayo hubadilishwa baada ya miaka. Saruji hufunga njia. Maji hupanda zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi huganda ndani ya jiwe lenyewe, na jiwe hugeuka unga. Fundi anaona lipu imebanduka, anaongeza saruji nzito zaidi. Hapo anaumaliza ukuta.

Dawa yake inataka subira. Bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, bila mashine ya kutikisa. Piga brashi kavu, zoa unga wote wa chumvi utoke nje. Uache ukuta upumue. Wa sentimita 60 uliolowa unahitaji miezi, wala si wiki mbili. Kisha piga lipu ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa shimoni miezi mitatu au zaidi, kipimo 1 kwa mchanga 3, mchanga safi usio wa pwani. Lowesha ukuta kwanza. Kila mkono wa lipu usizidi unene wa sentimita 1, na wa pili usubiri wa kwanza ukaze. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima, maana chokaa ikikaushwa na jua hupasuka na kuwa vumbi, halafu watu husema chokaa haifai. Malizia kwa chokaa ya kupaka. Rangi ya plastiki inarudisha tatizo lile lile.

Maji ya juu ni hadithi ya vyoo. Ghorofa ikigeuzwa nyumba ya wageni, kila chumba kinapewa choo na bafu juu ya boriti ambazo hazikujengewa maji. Boriti haiozi katikati unapoiona. Huoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, mahali pasipo hewa. Ipige kwa mpini wa nyundo karibu na ukuta: nzima hulia kavu, iliyooza hutoa sauti ya mtungi. Badilisha moja moja, ukiwa umeegemeza dari pande zote mbili. Anayependekeza kutoa zote na kumwaga zege anaziongezea kuta za matumbawe mzigo zisioujua.

Na kuna hili la kushusha sakafu ili mteja aingie ndani na kuweka kioo mbele. Msingi wa nyumba hizi hauna kina kirefu. Ukichimba nusu mita ndani umeuvua ukuta mguu wake. Acha sakafu ilipo, jenga vidato viwili. Kioo, kama lazima, kikae nyuma ya miimo ya zamani bila kuikata. Vipande vya mlango vikitolewa viandikwe namba kwa chaki upande wa ndani, kuanzia kushoto, pamoja na bawaba zake, vikawekwe ghorofani pakavu. Mpangaji wa duka atakayefuata huenda akavitaka.