Mbiu ni ile ile: kwa nini nakataa kwamba Enslaved wameiacha asili yao

Kabla hujaendelea kusoma naomba ufanye kitu kimoja. Tafuta albamu ya Enslaved, bendi ya metali ya Norway, inaitwa Heimdal, ilitoka Machi 2023, weka wimbo wa kwanza, vaa hedfoni, halafu simu iache pembeni. Kitu cha kwanza kukufikia ni pembe. Pembe ya kupulizwa na mdomo, ya kizamani kabisa, inalia kwa mbali kama inatoka ng'ambo ya maji. Mtu wa Lamu atakumbuka siwa. Mimi wa bara nakumbuka mbiu ya mgambo, na mbiu ikilia wote tunajua kuna jambo. Sasa kwenye hadithi za kale za watu wa Skandinavia, Heimdal ndo mlinzi wa miungu, pembe yake inaitwa Gjallarhorn, na siku akiipuliza basi vita ya mwisho imefika.

Nimeanza na pembe makusudi. Kila nikikaa na watu wanaosikiliza huu muziki mgumu, na tupo wengi kuliko mnavyodhani, lazima atokee mmoja aseme Enslaved wa zamani ndo walikuwa Enslaved, hawa wa sasa wamelainika, wamekuwa bendi ya roki ya watu wazima, bleki metali, ule mtindo mkali wa metali wenye sauti za kukwaruza waliokulia, wameisahau. Nimesikia hii kauli mpaka nimechoka na leo nataka niijibu vizuri, kwasababu naona inawanyima watu kitu kizuri sana kabla hata hawajakionja.

Ushahidi wangu wa kwanza ni huo huo wa pembe. Mwaka 1992 hawa jamaa wakiwa bado vijana wadogo walitoa demo, yaani rekodi ya majaribio, inaitwa Yggdrasill. Wimbo mmoja humo unaitwa Heimdallr. Mwingine unaitaja Gjallarhorn kwenye jina lake kabisa. Heimdallr ukarudi tena kwenye albamu yao ya kwanza mwaka 1994. Halafu albamu ya 16, 2023, inaitwa Heimdal na inafunguliwa na pembe. Miaka 31! Mtu aliyeisahau asili yake hawezi kuwa bado anahangaika na mlinzi yule yule.

Turudi nyuma kidogo maana historia yao ina mambo. Enslaved ilianzishwa 1991 upande wa Haugesund, magharibi mwa Norway, na watu wawili ambao mpaka leo ndo wenye bendi: Ivar Bjørnson kwenye gitaa na Grutle Kjellson kwenye besi na sauti. Grutle alikuwa na miaka 17. Ivar alikuwa na miaka 13. Kumi na tatu, yaani mtoto wa kumalizia shule ya msingi huku kwetu, na alikuwa tayari anatunga. Jina walilitoa kwenye wimbo wa demo ya bendi nyingine ya Norway, Immortal, na nikiri kwamba kwangu mimi mtu wa Afrika Mashariki jina lenye maana ya kutiwa utumwani halikai vizuri mdomoni, lakini ndo jina lao.

Na kipindi chenyewe kilikuwa kibaya kwa watu wa bleki metali kule Norway. Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft pale Bergen lilichomwa moto, na hayakuishia hapo. Agosti 1993 Euronymous wa bendi ya bleki metali ya Mayhem, ambaye lebo yake Deathlike Silence ndo ilikuwa itoe albamu ya kwanza ya Enslaved, akauawa kwa kisu na mwanamuziki mwenzake. Albamu yenyewe, Vikingligr Veldi, ikatoka mwaka uliofuata mwenye lebo akiwa kaburini. Kwahiyo hawa vijana walikuwa katikati ya moto, wenzao wanaingia jela, magazeti yanaandika habari za shetani kila siku, na wao walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaandika mashairi kwa Kiaislandi kuhusu majira ya baridi na miungu ya mababu. Albamu ya pili, Frost, pia ya 1994, waliiita wenyewe metali ya Waviking. Yaani tangu siku za mwanzo walishasema kwamba lile kundi la kina shetani ni majirani zao tu, wao wana nyumba yao.

Hapo ndo watu wengi wanakosea hesabu. Wanachukua bleki metali kama ndo mzizi, halafu kila hatua ya mbele wanaiita kuupa mzizi kisogo. Hebu isikilize Vikingligr Veldi kwa masikio yaliyotulia. Nyimbo 5, dakika kama 50. Mdundo unarudia rudia mpaka unaanza kuelea, kibodi zinaingia taratibu nyuma ya gitaa, na wimbo wa mwisho hauna hata neno moja. Kijana wa miaka 15, 16 ndo anatunga hayo. Ukiniambia huyu mtu alikuwa hana roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zinazobadilika badilika, ndani yake nitakuuliza ulikuwa unasikiliza nini.

Na sisi tuliokulia kwenye rumba ya Kongo tunaweza kuwaelewa hawa watu haraka kuliko tunavyofikiri. Tumezoea wimbo wa dakika kumi na kitu. Tunajua kuvumilia mashairi yaishe ili sebene ianze, tunajua gitaa likirudia kitu kile kile mara mia halichoshi ila linakuingiza mahali. Mzee wangu alikuwa anaweza kuketi na redio kaseti yake wimbo mmoja ukala upande mzima na hakuna aliyelalamika. Kwahiyo mtu akiniambia wimbo wa dakika 11 ni mrefu sana namshangaa, labda amezoea za dakika mbili na nusu za siku hizi.

Sasa Eld, 1997. Wimbo wa kwanza ni ule wa mwaka 793, mwaka ambao Waviking walivamia nyumba ya watawa ya kisiwa cha Lindisfarne kule Uingereza, na unaenda dakika 16. Humo Grutle anaimba. Anaimba kabisa, sauti ya kawaida ya mtu, achana na ile ya kukwaruza. 1997! Wanaosema sauti za kuimba ziliingizwa baadaye ili kuuza nakala, sijui hii albamu waliirukaje.

Baadaye kuna kipindi ambacho hata mimi sikitetei sana. Mardraum ya 2000 ni nzuri, ina joto la mtu anayebomoa ukuta, unasikia kabisa wamechoka kukimbia tu. Monumension ya 2001 ndo imenishinda. Mawazo mengi, mengine mazuri ajabu, lakini yamemwagwa tu pale kama mzigo umeshushwa njiani. Nimejaribu kila mwaka. Lakini ndo gharama yake, huwezi kutoka sehemu A kwenda B bila kupita vumbini, na bila hiyo albamu sidhani kama ingekuja inayofuata.

Inayofuata ni Below the Lights, 2003, na hapa naomba nikae kidogo kwasababu ndo iliyonibeba mimi. Rafiki alinipa kwenye flashi pamoja na vitu vingine chungu nzima, nikaihamishia kwenye simu bila kujua ni nini. Nilikuwa naenda Mbeya, basi la alfajiri kutoka Dar, tivi ya basi inapiga bongo fleva kwa sauti ya juu, nikaweka hedfoni ili nipate usingizi. Tukiwa tunakata Mikumi, jua ndo linapanda, twiga wamesimama kando ya barabara, ukaanza ule wimbo wa kwanza, As Fire Swept Clean the Earth. Unaanza na melotroni, ile kibodi ya miaka ya 60 inayocheza tepu zilizorekodiwa vinanda na filimbi, sauti yake inatetema kama kitu kinachokumbukwa. Halafu gitaa zinaingia, halafu ile sauti ya Grutle ya kukwaruza juu ya melodi ya huzuni kiasi kile. Sikulala. Niliurudia mpaka Iringa. Sikuwa najua kama hasira na huzuni vinaweza kukaa kwenye chumba kimoja bila kimoja kumfukuza mwenzake, na mpaka leo hicho ndo ninachokitafuta kwenye muziki wowote ukiwemo wa hapa nyumbani.

Baada ya hapo akaingia Herbrand Larsen, kibodi na sauti laini, na Isa ya 2004 ikawapa tuzo ya Spellemann, hiyo ndo tuzo kubwa ya muziki kule Norway. Kuanzia hapo mtindo ukakamilika: Grutle anakwaruza, Larsen anajibu kwa kuimba. Wengi wanalichukulia kama pambo, ubaya ukifuatiwa na utamu ili msikilizaji asichoke, na bendi zingine nyingi ndivyo zinavyofanya kweli. Kwa Enslaved mimi nasikia majibizano. Kama mzee mmoja amekaa kona ya chumba, hataki kutoka, anasema yake kwa sauti mbovu ya tumbaku, na kijana anachukua maneno yale yale anayaimba ili watu wayaelewe. Mtoe mzee hakuna hadithi, mtoe kijana hakuna anayesikia. Sikiliza Ruun ya 2006 au Axioma Ethica Odini ya 2010 ukiwa na hilo kichwani uniambie.

Kuna jambo nakubaliana na wanaolalamika, nalisema wazi. Ilifika mahali, kwangu mimi ni In Times ya 2015, ule mtindo ulianza kuwa mazoea. Unajua kabisa sasa hivi atakwaruza, sasa hivi ataimba, sasa hivi gitaa litapanda. Nyimbo nzuri, zimepigwa vizuri, lakini moyo haushtuki. Larsen alivyoondoka 2016 watu wengi walilia, mimi nilikuwa na wasiwasi pia maana ile sauti yake nilikuwa nimeizoea kama ya ndugu.

Kumbe ilikuwa heri. Akaja Håkon Vinje, kijana, mpiga kibodi wa bendi nyingine ya Bergen inaitwa Seven Impale, na kwenye E ya 2017 unasikia kabisa chumba kimefunguliwa dirisha. Wimbo wa kwanza, Storm Son, unakaribia dakika 11, na mwanzoni kuna farasi, kwasababu hiyo E ni alama ya kale ya maandishi ya runi yenye maana ya farasi. Kisha mpiga ngoma mpya Iver Sandøy naye anaimba, kwahiyo kwenye Utgard ya 2020 tayari wana sauti tatu. Kuna wimbo humo unaitwa Urjotun, unaanza na kinanda cha umeme kinachopiga mapigo kama muziki wa Kijerumani wa miaka ya 70, na bado ukiusikia hata nusu dakika unajua ni wao.

Watu hupenda kuwalinganisha na Ulver, hao nao ni Wanorwe wa kipindi kile kile. Ulver walitoa albamu yao ya bleki metali kali kabisa 1997, na mwaka uliofuata wakaja na muziki wa elektroniki juu ya mashairi ya William Blake. Walihama, wakafunga mlango, funguo wakarudisha kwa mwenye nyumba. Nawaheshimu sana kwa ule ujasiri. Ila Enslaved wamefanya kama sisi tunavyojenga huku: unaanza chumba kimoja na sebule, mwakani ukipata unaongeza kingine, unapaua upande huu, ukuta wa zamani unabaki pale pale na ndo unaoshikilia vyote. Ukipita haraka barabarani unaona nyumba mpya. Ukiingia ndani unakuta kile chumba cha 1992 na watu bado wanalala humo.

Na siyo kwamba wao tu ndo waliokua, hata nchi yao iliwatazama upya. Mwaka 2014 Norway ilipoadhimisha miaka 200 ya katiba yake, Ivar na Einar Selvik wa bendi ya Wardruna ndo walioagizwa kutunga kazi ya muziki kwa ajili hiyo, ikaitwa Skuggsjá, na ikapigwa Eidsvoll kule kule katiba ilikoandikwa mwaka 1814. Fikiria, miaka kama 20 nyuma gazeti likitaja metali kule lilikuwa linaongelea polisi na majivu ya makanisa. Sasa yule mtoto wa miaka 13 anaitwa kuwaambia watu wake walikotoka. Mimi hilo hunigusa kuliko tuzo zote, na sioni bendi iliyoiacha asili yake ingeitiwa kazi ya namna ile.

Kwahiyo kama ndo unaanza, usianze na Vikingligr Veldi kwasababu tu kuna mtu kakwambia hiyo ndo halali. Anza na Below the Lights. Nenda Heimdal. Ukishaizoea Heimdal, ukifika ule wimbo wa Congelia ambao gitaa linarudia kitu kimoja karibu dakika 8 nzima mpaka unasahau ulianzaje, hapo sasa rudi 1994, weka Heimdallr, zima taa, na uniandikie umesikia nini.