Sss! Eti ninyamaze

Jamani mimi nimenyamazishwa. Mtu mzima, na ndevu zangu, ndani ya sinema huku Torino, Italia, mama mmoja kageuka kutoka kiti cha mbele akanifanyia "sss!" kama afukuza kuku barazani. Kosa langu nimecheka. Haya, si kucheka tu, nisiwadanganye, nilipiga makofi nikasema "mpe! mpe huyo!" lakini nilisema kwa Kiswahili, sasa nani aliyeelewa hata akasirike?

Filamu yenyewe ni Super, ya 2010, ya yule James Gunn ambaye 2025 katoa Superman ya mapesa mengi, naona jina lilivyokuwa kubwa ndio hawa wa sinema ndogo wakakumbuka kuirudisha hii ya zamani aliyoitengeneza kwa dola kama milioni 2.5, ambazo kwa Hollywood ni hela za chai. Stering wake ni mpishi wa hoteli, wa kugeuza mayai, mtu ukimpita barabarani humuoni. Mkewe achukuliwa na muuza unga. Basi bwana ajishonea nguo nyekundu, hana nguvu zozote, hapai, hatoi moto machoni, mara ya kwanza kujaribu apigwa yeye. Ndipo akachukua spana kubwa ya plamba. Sasa kuna pahala watu wamepanga laini nje ya sinema, jamaa mmoja aja na mwanamke wake aingia mbele vivi hivi, huyu bwana aenda kwenye gari, abadilisha nguo kwa taabu, arudi, ampasua kichwa. Kwa kuruka laini!

Mimi nimepanga laini miaka mingapi Malindi? Mwaijua laini ninayoisema, ile ya kitambulisho, wafika saa kumi na moja alfajiri wakuta watu na mawe, mawe yamewekewa nafasi na watu ambao bado wako kitandani, halafu saa nne mtu na shati lake la pasi ashuka garini aenda moja kwa moja mpaka mlangoni, "mkubwa anijua." Kwa hivyo spana ilipotua kile kicheko kilitoka na laini zote hizo ndani yake, nisingeweza kukizuia. Na wao kimya. Mmoja akavuta pumzi kama kaona ajali.

Sasa najua kuna watakaosema "si urudi kwenu basi kama hupendi." Na wengine mtasema juzi tu nilikuwa nauza vinyago pale Silversands leo nawaeleza habari za sinema za wazungu. Ndio, niliuza vinyago, na Kitaliano nilikiokota hapo hapo mchangani, ndicho kilichonileta huku, sioni haya. Kinachoniudhi ni kitu kimoja: hawahawa nimewaona Malindi! Kwenye pizzeria meza nne tu wawasikia kutoka barabarani, waimba, wagonga glasi, na hakuna Mswahili hata mmoja aliyewahi kugeuka akawafanyia sss. Wakirudi kwao na taa zikizimwa wanakuwa maiti.

Na mjue huku filamu za nje karibu zote zatiwa sauti za Kitaliano, ni desturi yao tangu miaka ya 1930. Kevin Bacon, ndiye adui humu, azungumza Kitaliano kama mzee wa aiskrimu. Lakini nilipomwambia jamaa ninayefanya naye kazi kwamba kwetu yuko DJ Afro aongea juu ya filamu na twaielewa vizuri zaidi, alicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza, nyinyi mwafanya nini? Akasema hiyo ni tofauti. Tofauti gani bwana, au ni kwa sababu wetu ni mmoja na wenu ni kumi?

Dakika 96 hawakusema neno. Ilipokwisha taa zikawashwa, akaja mtu na maikrofoni, wakaanza kunyoosha mikono kama shule. Mmoja akasema filamu yatukuza ujeuri, mwengine akasema la, yaukejeli, wa tatu aliongea muda mrefu nikadhani ndiye aliyeitengeneza. Na yule mama wa sss naye akasema, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba ile ya laini ndiyo iliyomgusa zaidi! Nilitaka kumfanyia sss na mimi.

Basi nikasema hii naipeleka nyumbani, huko ndiko itakakopata watu wake. Disemba nimeteremka na flashi mfukoni, nikampa kijana mwenye kibanda cha video kule Maweni, nikakaa benchi la nyuma kungoja raha. Wacha niwaambie ukweli, nilitahayari. Kwanza DJ hakuna, ni mimi nikitafsiri kwa kupiga kelele juu ya feni na mwenye viazi karai. Pale kidole kinaposhuka kutoka mbinguni kumgusa jamaa ubongo, wazee wawili walisema astaghfirullah wakatoka. Na pana mahali pengine niliruka mbele haraka, wenye kuiona wanajua, mabarobaro wakapiga yowe nirudishe.

Halafu stering hawamtaki! "Stering gani huyu apigwa?" "Mbona hana misuli?" Fundi cherehani mmoja alikosoa mshono wa ile nguo tangu mwanzo hadi mwisho. Nikakasirika, nataka niwaambie jamani mwapenda stering wa kuruka maghorofa kila siku, huyu ni kama nyinyi, hebu mpeni nafasi, lakini ukisema hivyo washasema Italia imekuingia kichwani. Kwa hivyo nikangoja laini. Laini ikafika, spana ikatua, kibanda kikalipuka kama Harambee Stars wamefunga, watu wamesimama juu ya mabenchi, nikasema alhamdulillahi sasa niko nyumbani. Stima ikapotea.

Nusu saa gizani, na huo ndio uliokuwa mjadala wetu, hauna maikrofoni. Mzee mmoja akasema yule si stering, ni mwendawazimu aliyejishonea nguo, manake kuruka laini adhabu yake si kupasuliwa kichwa. Kijana akamjibu, mzee wewe hujapanga laini. Mzee akamwambia nimeanza kupanga kabla babako hajaoa. Mtu akauliza je angekuwa yule wa laini ni mgonjwa? Yani yote waliyoyasema Torino yalisemwa, na mabuyu yakiliwa.

Stima iliporudi ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia. Pale mkewe aonekana ameshalewa unga, macho yamelegea, mimi nilikuwa natafsiri nikajisikia peke yangu. Kibanda kizima kimya. Hata feni niliisikia. Torino pahala hapo hapo mtu alikuwa afungua peremende. Mwenye kibanda alitazama chini, na wa Maweni wamjua nduguye, wala sihitaji kuendelea. Nikaacha kutafsiri, hakuna aliyeniuliza yasemwa nini.

Baadaye yule msichana msaidizi wa stering akafa, kelele zikarudi mara mia, wengine wakadai shilingi 20 zao, kwamba hii si filamu, msaidizi hafi, na kama afa alipiziwe kwanza. Wengine walitoka kabla ya mwisho na huko mwisho ndiko stering alikolipiza, nikawafuata mpaka nje nikiwaelezea, hawakunisikiliza.

Jana mwenye kibanda kanitumia voisi. Watu wauliza kama iko sehemu ya pili, na kama yule msichana kafufuka. Nimemwambia haiko. Ameisoma, hajajibu.