Baba aliyeinamisha kichwa

Vijana wa Ngamiani hapa Tanga wakimaliza kutazama Attack on Titan, hadithi ya katuni ya Kijapani, ubishi ni uleule: Eren, mhusika mkuu, ni shujaa au muuaji? Mimi namtetea mtu ambaye hawamtaji kabisa, babu yake Eren.

Waeldia, watu wa ukoo wa Eren, wanaishi mtaa wa Liberio chini ya taifa la Marley, ndani ya uzio, kitambaa mkononi, na hatoki mtu bila kibali. Faye, binti mdogo wa mzee huyu, alitoka na kaka yake Grisha, ambaye baadaye ndiye baba yake Eren, kwenda kutazama chombo cha angani. Akauawa kwa mbwa. Askari wa Marley akaja nyumbani na uongo wake. Mzee akainama, akayapokea maneno yale. Grisha alimdharau kwa hilo, akakua akaingia kwenye kundi la waasi, na wasomaji wengi wako naye.

Sishangai. Hadithi ilitoka kwanza kama katuni ya kusomwa, sura 139, mwezi baada ya mwezi, kuanzia 2009 hadi 2021, na kisa hiki kinakuja baada ya sura zaidi ya 80. Kufika hapo msomaji ameshazoea kumshangilia anayepigana.

Lakini yule mzee alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja. Angebisha, adhabu ilijulikana: unapelekwa kisiwa cha Paradis na kugeuzwa jitu lisilo na akili, na jamaa zako nao hatarini. Kunyamaza kwake kulimkuza Grisha hadi akawa daktari. Grisha naye, kwa jina la ukombozi, akamsukuma mwanawe Zeke kwenye jeshi la Marley awe jicho la waasi. Hapo ndipo ninaposhindwa kupita. Mtoto hakuulizwa. Baba aliyekataa kuinama alimtwisha mtoto vita vyake.

Wa upande wa Grisha wana hoja nzito: unyenyekevu haukuwazuia Marley kuwapeleka watoto wa Waeldia vitani, na bila Grisha nani angeuliza aliyemuua Faye? Kweli.

Pwani yetu inaijua njia panda hii. Bushiri, aliyepigana na Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani alipigana vilevile, mji wake ukapigwa mizinga, na 1890 akasalimu amri. Sijaona haki ya kumwita mwoga.

Zeke, akiwa na miaka kama saba, aliwaripoti wazazi wake kwa Marley, akajiokoa yeye na babu na bibi yake. Wengi humwita msaliti. Mimi naona alichagua nyumba ambamo alikuwa mjukuu tu, hakuna aliyemtuma vitani.